Pikipiki Isiyo na Kadi: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Wamiliki wa Manx Norton

Ukienda kununua bodaboda ya mtumba, swali la kwanza ni kadi. Jina la nani limo, namba ya chesisi inalingana, na anayeuza ni mwenyewe au ni dalali tu. Mkenya atauliza logibuku, lakini wasiwasi ni ule ule. Sasa chukua pikipiki ambayo tangu itoke kiwandani haikusajiliwa, haina taa, haina honi, haina hata pa kufungia plate namba, na bei yake inaweza kununua bodaboda za kijiwe kizima. Hiyo ndiyo Manx Norton, pikipiki ya mbio iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Iliuzwa kwa watu wa mashindano na kusafirishwa nyuma ya magari ya mizigo kutoka mbio hadi mbio. Barabara za kawaida hazikuihusu, na serikali haikuwa na sababu ya kuiandikia chochote.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuinunua, aliyeirithi, au anayeandika habari za moja mahususi. Njia hii hufaa pia kwa AJS 7R, Matchless G50 na BSA Gold Star za mbio, ila majina ya vitabu na namba yatabadilika.

Jambo moja lishike tangu sasa: injini na fremu zifuatilie kama watu wawili tofauti. Huenda walizaliwa siku moja na kubatizwa namba moja, lakini usidhani wameishi pamoja miaka yote. Nitaeleza sababu huko mbele. Wengi huanza kwa kuuliza "ilishinda mbio gani?" kabla hawajajua pikipiki iliyo mbele yao ni ipi, na hapo ndipo muuzaji mwenye hadithi tamu anapowapata.

Kwanza: ijue unayoitazama

Kiwanda cha Norton kilikuwa Bracebridge Street, mtaa wa viwanda huko Birmingham. Jina Manx linatokana na Isle of Man, kisiwa cha mbio za TT (Tourist Trophy) na Manx Grand Prix, ambako pikipiki hizi hukimbia barabara ya milimani ya kilomita 60 na ushee kwa mzunguko. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jina hilo likawa la pikipiki ya kuuzwa kwa waendeshaji binafsi, kwa saizi mbili: 40M ya cc 350 na 30M ya cc 500. Zote zina silinda moja iliyosimama wima, na kemshafti ya juu inayozungushwa na shafti ndefu yenye gia za pembe upande wa kulia wa injini. Ile shafti ndani ya bomba lake huwezi kuikosa.

Alama kubwa za miaka ni hizi. Hadi 1950 fremu ilikuwa ile ya zamani, ambayo ekseli ya nyuma hupanda na kushuka katikati ya springi bila swingamu, yaani mkono wa nyuma unaobembea. Waingereza waliitania kwa jina la geti la bustani, na ukiitazama kwa ubavu utaona kwa nini. Mwaka 1950 timu ya kiwanda ilipewa fremu mpya iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast, na mwendeshaji wake Geoff Duke akashinda nayo Senior TT, mbio za TT za 500, mwaka huo huo. Mwendeshaji mwingine, Harold Daniell, alipoijaribu alisema ni kama kulalia godoro la manyoya, na jina Featherbed likabaki. Wateja wa kawaida waliipata kuanzia 1951. Mwaka 1954 injini ya 500 ilibadilishwa vipimo: ya awali ilikuwa na upana wa takriban milimita 79.6 na mwendo wa pistoni wa 100, mpya ikawa 86 kwa 85.6. Toleo la mwisho, la 1962, lina breki ya mbele ya ngoma yenye pande mbili. Baada ya hapo kampuni ya AMC, iliyokuwa ikiimiliki Norton tangu 1953, ikafunga Bracebridge Street na kuhamishia kazi London.

Kwa hiyo mtu akikuambia "ni ya 1952" na mbele yako kuna injini ya 1954 yenye mwendo mfupi wa pistoni, usimwite mwongo bado. Andika tu: fremu huenda 1952, injini si kabla ya 1954. Hapo wale watu wawili wameshaanza kutengana.

Pili: soma namba kabla hujafuta hata vumbi

Usisafishe chochote. Piga picha za karibu za namba ya injini kwenye krenkikesi (kasha la chini la injini) na namba ya fremu, kwa mwanga wa kutokea ubavuni ili vivuli vya chapa vionekane. Tochi ya simu ikilazwa karibu na chuma inatosha. Kisha ziandike kwa mkono, herufi kwa herufi, bila kusahihisha unachodhani ni kosa.

Namba ya Manx ya baada ya vita huwa na 10M kwa 350 au 11M kwa 500 (usizichanganye na majina ya modeli, 40M na 30M), kisha tarakimu za mfululizo. Kwenye za miaka ya mwanzo utakuta pia herufi ya mwaka mbele: E ni 1950, F ni 1951, G ni 1952, H ni 1953. Kumbuka tu kwamba mwaka wa modeli Uingereza ulianza vuli ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo pikipiki ya "1952" inaweza kuwa ilitoka kiwandani mwishoni mwa 1951. Kiwandani injini na fremu viligongwa namba moja. Zikilingana leo, furahi kwa tahadhari. Zisipolingana, usikimbie, maana kwa pikipiki ya mbio hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Kinachotakiwa kukuamsha ni namba zinazolingana kupita kiasi. Chapa za kiwandani zilipigwa kwa nyundo na mkono wa mtu, kwa hiyo mistari hupinda kidogo na kina hutofautiana. Ukiona tarakimu zimenyooka kama zimechapwa na kompyuta, au eneo linalozizunguka limepigwa msasa na kuzama kidogo kuliko chuma cha jirani, uliza. Mtaalamu anaweza kupaka asidi maalum ikaonyesha kivuli cha namba iliyofutwa. Kazi hiyo usiifanye mwenyewe, hasa kwenye krenkikesi, maana ile ya Manx ni ya magnesiamu na asidi huila vibaya.

Magnesiamu hiyo hiyo ndiyo inaeleza nusu ya matatizo yako. Ni nyepesi, lakini huliwa na unyevu na hupasuka ikichoka. Pistoni ikivunjika katikati ya mbio, konrodi hutoboa ukuta na kutoka nje. Mwendeshaji wa 1957 hakuwa na wazo la urithi wa kihistoria. Alinunua krenkikesi nyingine, akaifunga, akawahi mbio za Jumamosi inayofuata. Namba ya zamani ilitupwa na chuma chakavu.

Geuza pia injini chini kama ukiruhusiwa. Nusu mbili za krenkikesi ya pikipiki za Kiingereza za enzi hizo mara nyingi ziligongwa tarakimu ndogo zinazofanana, kuonyesha kwamba zilichongwa pamoja. Zikitofautiana, injini yako ni ndoa ya nusu mbili kutoka nyumba tofauti.

Tatu: daftari la kiwanda

Hapa ndipo utakapopata ushahidi wenye uzito kuliko wote. Norton iliandika kila pikipiki iliyotoka: namba, modeli, tarehe, na ilipelekwa kwa nani. Mara nyingi jina ni la wakala, mara nyingine la mwendeshaji. Kumbukumbu za namna hii za viwanda vingi vya Uingereza zimehifadhiwa na Vintage Motor Cycle Club, chama kilichoanzishwa 1946, chenye maktaba Burton upon Trent. Norton Owners Club nayo ina watu wanaosaidia kutambua tarehe na modeli. Watumie picha za namba zote mbili, lipa ada, subiri.

Unapoandika, usiwaambie unatarajia nini. Usiseme "naamini hii ni pikipiki ya fulani". Sema tu: namba ni hizi, daftari linasemaje? Jibu likija, lisome kwa ubaridi. "Imepelekwa kwa wakala wa Manchester" haimaanishi aliyeikimbiza alikuwa mtu wa Manchester. Wakala Reg Dearden wa mji huo aliwafadhili waendeshaji wengi na kuwapa Manx za kukimbiza. Francis Beart alizitengeneza zake kwa ustadi, akazipaka kijani hafifu, na waendeshaji wakabadilishana juu yake. Kule Scotland, Joe Potts wa Bellshill alimtengenezea mwendeshaji Bob McIntyre. Mwenye mali na mpandaji mara nyingi hawakuwa mtu mmoja, na ukiwachanganya, mlolongo wako wote wa wamiliki utakuwa orodha ya madereva.

Zingatia pia waliopelekewa nje. Manx zilisafirishwa Afrika Kusini, Australia na Marekani, ambako Norton ilishinda mbio za Daytona 200 miaka minne mfululizo kuanzia 1949. Ray Amm, aliyeshinda Senior TT na Junior TT (ya 350) mwaka 1953 kwa Norton, alitokea Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Pikipiki iliyoishi nje ya Uingereza mara nyingine ina karatasi nzuri kuliko iliyobaki, kwa sababu forodha ilidai kuandikiwa.

Nne: jaza miaka ya mbio

Kazi hii huchukua miezi, nami naona ndiyo tamu kuliko zote. Daftari limekupa mwanzo, na muuzaji amekupa mwisho. Katikati kuna shimo la miaka 10 au 40.

Anza na matokeo ya TT na Manx Grand Prix, ambayo yanapatikana kwenye hifadhidata ya mbio hizo mtandaoni. Utapata mwaka, jina, namba ya mashindano na aina ya pikipiki. Hutapata namba ya fremu, na hapo wengi huanguka. Fulani kukimbia Norton ya 500 mwaka 1956 hakuthibitishi kwamba alikimbia *hii*. Inathibitisha kwamba inawezekana tu.

Baada ya hapo tafuta programu za mbio ndogo za viwanja vya ndani, ambako pikipiki hizi zilitumia muda mwingi zaidi. Magazeti ya kila wiki *The Motor Cycle* na *Motor Cycling* yaliripoti karibu kila kitu, pamoja na matangazo madogo ya kuuza na kununua. Matangazo hayo ni hazina: "Manx 500, 1955, imefanyiwa matengenezo na fulani, inauzwa kwa kuwa mwenyewe anastaafu." Tangazo moja la mistari mitatu linaweza kufunga pengo la miaka mitano. Picha za magazeti hayo ziko kwenye hifadhi ya Mortons huko Horncastle, na nakala huuzwa.

Kusoma picha kuna kanuni zake. Anza na namba ya mashindano: ikutanishe na programu ya siku hiyo, upate jina. Kisha tazama rangi ya kibao cha namba. Kwenye mbio kubwa, 500 zilivaa njano na tarakimu nyeusi, 350 bluu na tarakimu nyeupe. Hata kwenye picha isiyo na rangi utaona: tarakimu nyeusi kwenye kibao chepesi ni 500, nyeupe kwenye kibao cheusi ni 350. Waendeshaji wengi walikuwa na moja ya kila aina, zilizofanana kama mapacha, na kosa la kuzibadilisha hutokea kila siku.

Usilinganishe tangi, kiti, magurudumu wala ekzosi. Vyote hivyo vilibadilishwa kama shati. Linganisha vilivyochomelewa kwenye fremu: vishikio vya ziada vya kioo cha upepo, tundu lililotobolewa mahali pasipo pa kiwandani, kiraka cha bomba baada ya ajali. Fremu za Featherbed za Manx zilitengenezwa kwa mabomba ya chuma maalum cha Reynolds 531 yaliyoungwa kwa shaba, wakati zile za Norton za barabarani zilikuwa za chuma cha kawaida. Kwa hiyo mbali na picha, maungio yenyewe yanakuambia kama fremu ni ya Manx au ni ya barabarani iliyovalishwa nguo za mbio.

Tano: jua walivyotengana

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na mbio za magari madogo ya 500, Formula 3 ya wakati ule, na injini iliyotamaniwa kuliko zote ilikuwa ya Manx. Norton hawakutaka kuuza injini peke yake. Basi watu wa magari walinunua pikipiki nzima, mpya, wakang'oa injini na kuifunga kwenye gari la Cooper. Fremu iliyobaki, tena fremu bora kuliko zote sokoni, iliuzwa bei ya kutupa. Vijana wakaitia injini ya Triumph yenye silinda mbili, na mchanganyiko ukaitwa Triton. Injini nyingine zilihamia pikipiki zenye kigari cha pembeni, kundi ambalo Eric Oliver alitwaa ubingwa wa dunia mara nne kwa nguvu ya Norton.

Kwa hiyo namba ya injini ikikata kamba ghafla mwaka 1952, tafuta kwenye orodha za magari. Na fremu yako ikiwa na alama za vishikio vya injini isiyo ya Norton, usione aibu nayo. Ilikuwa Triton. Iandike.

Halafu kuna mpya zilizozeeka. Mwaka 1966 Colin Seeley alinunua idara ya mbio ya AMC pamoja na vifaa vya Manx. Mwaka 1969 akaviuza kwa John Tickle, aliyeendelea kutengeneza spea. Baadaye wengine, akiwemo Andy Molnar, walitengeneza Manx nzima kuanzia skrubu ya kwanza, na ni pikipiki nzuri sana, pengine bora kuliko za kiwandani. Hakuna kosa kuwa nayo. Kosa ni krenkikesi ya miaka ya 1990 kugongwa namba ya 1959 na kuuzwa kwa bei ya 1959. Uliza kila kipande kikubwa kilitoka wapi, na risiti ya mafundi ichukuliwe kwa uzito ule ule wa picha ya ushindi.

Kuhusu neno "ya kiwandani", maana yake pikipiki ya timu rasmi ya Norton, nina msimamo mkali: ikatae hadi iletwe kwa maandishi. Pikipiki za timu hazikuuzwa ovyo, zilivunjwavunjwa na vipande vyake kutumika tena, na mpango wa pikipiki maalum za timu uliisha baada ya msimu wa 1954.

Sita: karatasi za serikali, kama zipo

Baadhi ya Manx zilisajiliwa baadaye, mwenyewe alipotaka kuiendesha Jumapili. Uingereza ilikuwa na vitabu vya usajili vya karatasi vilivyoorodhesha wamiliki mmoja baada ya mwingine, hadi mfumo ulipohamishiwa kompyuta za Swansea kuanzia 1974. Ukipata kitabu kama hicho ndani ya bahasha ya muuzaji, kishike kwa mikono miwili. Daftari nyingi za halmashauri za zamani zinatunzwa na Kithead Trust huko Droitwich.

Cheti cha usajili cha Uingereza cha sasa, V5C, ni hatari kwa mgeni. Kinafanana na kadi yetu, lakini chenyewe kimeandikwa wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Kinamtaja mtunzaji aliyesajiliwa tu. Uthibitisho wa umiliki ni hati ya mauziano. Kama pikipiki imerudishwa Uingereza kutoka nje, dai pia karatasi za forodha na NOVA, yaani taarifa kwa mamlaka ya kodi kwamba chombo kimeingia nchini, usije ukarithi deni la kodi.

Saba: ongea na wazee

Fanya hili mwisho, ukiwa na picha mkononi. Mzee aliyekimbiza pikipiki mwaka 1961 ukimuuliza "hii ilikuwa yako?" atasema ndiyo, kwa upendo tu. Muulize aieleze yake kwanza: ilikuwa na ufa wapi, nani aliitengeneza, aliiuza kwa nani na kwa kubadilishana na nini. Akitaja kiraka ambacho wewe umekiona na yeye hajakiona tangu miaka 60, hapo umepata shahidi.

Nane: andika mlolongo

Chora safu mbili, injini na fremu, na mstari kwa kila kipindi. Kila mstari upe daraja: A ni maandishi ya wakati ule yenye namba, B ni picha au programu inayokubaliana na alama za chuma, C ni maneno ya mtu. Tuseme hivi: fremu, 1955, daftari la kiwanda, A. Fremu, 1956 hadi 1958, picha mbili zenye kishikio kile kile, B. Fremu, 1959 hadi 1971, hakuna. Injini, 1955, daftari, A. 1960, risiti ya fundi wa magari, A. 1974, zote zakutana tena katika karakana moja, C.

Pengo liache wazi. Mnunuzi makini anaamini zaidi jedwali lenye matundu mawili kuliko hadithi isiyo na mshono, na wauza minada wanalijua hilo. Mimi ningelipa zaidi kwa Manx yenye namba tofauti na safu mbili zilizoelezwa kuliko ile yenye namba zinazolingana na bahasha tupu.

Siku ya kulipa, hati ya mauziano itaje namba zote mbili kama zilivyogongwa, itaje sehemu kubwa zilizobadilishwa, na muuzaji atie saini kwamba ni mali yake. Faili lote lichukuliwe siku hiyo hiyo pamoja na pikipiki. Ahadi ya "nitakutumia picha wiki ijayo" huwa haina wiki. Ukifika nyumbani, fungua jedwali, ongeza mstari wa mwisho kwenye safu zote mbili: jina lako, tarehe, bei. Daraja A.